Barua Isiyotiwa Irabu

Mambo niliyaharibu mimi mwenyewe, Jumanne saa kumi za jioni, nikiwa na sambusa mkononi. Nalisema hili mapema, asije mtu akanisimulia habari zangu kwa njia ya kuzunguka.

Nusra, binti wa kaka yangu, alijifungua Jumapili. Mtoto wa kike, kichwa cha duara, nywele kama za mtu mzima. Mimi nakaa Mansfield hapa Marekani, kule juu upande wa Arlington, nasimamia chumba cha mashuka katika hoteli moja. Nusra na mumewe Mwadini wako Stafford, huku Houston. Ni safari ya saa nne na ushei ukiwa na bahati na malori. Niliomba ruhusa ya wiki nzima, maana mtoto akizaliwa mimi nisiwepo, nani ataijaza nyumba?

Ikajaa kweli. Jumanne hiyo viatu vilianzia mlangoni vikafika kwenye gari la Mwadini. Wamombasa, Wazanzibari, Warundi wa jirani na sufuria zao za ndizi. Watoto walikuwa wanajibizana kwa Kiingereza kwenye ngazi kama vile wamelipwa. Mtu mmoja, simjui hata jina, akauliza: "Mtoto ataitwa nani?"

Nusra akasema, "Asdiki. Somo wa nyanya."

"Asdiki? Ndiyo jina gani hilo?"

Hapo ndipo nilipopaswa kutia sambusa mdomoni. Sikutia.

Bi Asdiki ni mama yangu mdogo, amebakia yeye tu katika wazee wetu. Ana miaka themanini na kitu, hakujaaliwa mtoto, analea wa wenziwe. Katika ukoo wetu majina yanarudi kama nguo za Idi: nina wajomba watatu Kalume, na Mwanabaraka tuko wanne. Lakini Asdiki ni mmoja tu. Hakuna aliyewahi kumpa mwanawe jina hilo, na sababu yake kila mtu kwetu anaijua na hakuna anayeisema.

Mimi nikaisema.

"Jamani, ni jina la hawara," nikawaambia, wakasogea. "Babu yangu Kalume alikuwa baharia wa manowari wakati wa vita vya Wazungu. Nyanya yangu ana mimba, yuko nyumbani Mombasa, anapokea barua. Hajui kusoma. Anamwita jirani amsomee. Jirani anasoma: 'Nakaa na Asdiki usiku mpaka alfajiri, nimetega sikio. Akilia, moyo wanipasuka.'"

"Yallah!"

"Nyanya akaipokonya barua, hakutaka kusikia neno la tatu. Babu akaja likizo siku tatu, mtoto kazaliwa, na bila haya akamwita binti yake jina la yule mwanamke! Nyanya hakumsemesha siku zote tatu. Huyo Asdiki alikuwa mwanamke wa Aden, mweupe, ana mwanya."

Wanawake walicheka mpaka mtoto akashtuka. Aliyekuwa hacheki ni mke wa Maalim Aboud, amekaa pembeni na kikombe chake. Na mlango wa chumba cha nyuma, anakolala Bi Asdiki, ulikuwa wazi. Bi Asdiki akatokea, amejitanda mtandio wake wa kijivu, akaenda mpaka kwenye birika, akajimiminia chai taratibu.

"Mwanabaraka," akasema, "huo mwanya umeutoa wapi?"

Nilitamani zulia linifunike. Mwanya niliuongeza mimi. Na weupe pia.

Jua halijatua, simu ya Mwadini ikalia. Ni Maalim Aboud, ami yake, mtu wa Unguja, anayesomesha watoto Kurani sebuleni kwake kila alasiri. Ndiye atakayesoma dua Jumamosi kwenye akika, siku ya saba, mtoto anyolewe na atajwe jina. Akasema nipewe simu mimi.

"Mwanabaraka, hujambo? Sikiliza. Jina zuri ni haki ya mtoto, na haki hiyo sisi wakubwa ndio wa kuitimiza. Jina hili nimelitafuta toka nilipoambiwa, silioni. Kuna sidiki, kuna swadiki. Asdiki sijaliona. Nikasema labda ni la watu wa kwenu. Sasa leo nasikia ni la kimada wa bandarini. Kweli si kweli?"

"Maalim, yalikuwa maneno ya kuchangamsha watu."

"Wamechangamka. Wamechangamka mpaka huku. Mimi sina ugomvi na bibi yenu, ni mtu wa heshima. Lakini siwezi kumwinamia mtoto mchanga nikamtia sikioni jina la namna hiyo. Niletee maana yake kabla ya Jumamosi adhuhuri, nitalisoma kwa raha zangu. Hukuleta, mtafute jingine."

Mwadini alikuwa amesimama anatazama dari. Ni dereva wa lori, hajui kugombana na mkubwa wake. Nusra alikuwa analia bila sauti, mtoto kifuani. Bi Asdiki ndiye aliyeongea.

"Hamna neno. Mpeni jina jingine, majina ni mengi." Akaingia chumbani. Tukasikia kitanda kikilia.

Nusra akanitazama. "Shangazi, unajua amenunua kanga?"

"Kanga gani?"

"Za somo wake. Jozi mbili, sare, yake na ya mtoto. Amezikunja tangu nilipokuwa na mimba ya miezi mitatu. Kasema, nikiwa na somo wangu nitaondoka duniani nimeacha mtu wa kuitikia jina langu."

Basi hapo ndipo udaku ukanitoka puani. Na badala yake, sijui niseme vipi, kikaniingia kitu kingine. Mimi hadithi ile nimeisimulia miaka arubaini, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye foleni ya saluni, na sijawahi kujiuliza hata swali moja. Babu alikuwa anafanya kazi gani kwenye hiyo manowari? Baharia gani anakaa na mwanamke usiku mpaka alfajiri wakati wa vita? Na kama mtu ana kimada, anamwandikia mkewe habari zake ili iweje?

Nikaligugo jina. Simu ikaniletea duka la makochi la Uturuki.

Jumatano asubuhi nikaingia chumbani kwa Bi Asdiki na kikombe cha uji, kama mtu anayepeleka rushwa.

"Khale, nisamehe."

"Weka hapo."

"Babu alikuwa manowari gani?"

Alikoroga uji. Halafu, kwa kuwa na yeye ni wa ukoo wetu na maneno hayawezi kumkaa, akaanza. "Ndogo. Wenyewe wakiiita Kidagaa. Haikuwa ya kupigana na manowari nyingine. Ilikuwa ya kusindikiza. Meli za mizigo zatoka Kilindini, zaenda Aden, zaenda Kolombo, zimejipanga msafara mzima, na Kidagaa yazizunguka kama mbwa wa mchungaji. Adui alikuwa chini ya maji, na nyambizi. Hayo niliambiwa ukubwani na rafiki yake, baharia wa meli nyingine, yule aliyeleta barua. Barua haikupita posta, aliileta mkononi."

"Na babu mwenyewe akifanya nini humo ndani?"

"Sijui. Nilikuwa na miezi minne Kidagaa ilipokwenda isirudi. Ilizama na watu wake wote." Akanywa uji. "Mama yangu alikuwa hajamsemesha. Unajua mama aliniitaje mimi mpaka anakufa? Mtoto. 'We Mtoto, lete maji.' Nina miaka hamsini, nina mvi, naitwa Mtoto. Jina langu halikupita mdomoni mwake hata siku moja."

Mimi hilo sikuwa nalijua. Watu wananiita redio ya Mansfield, na hilo sikuwa nalijua.

Nikamkumbuka Cyrille. Ni Mrundi, tulibeba naye maboksi ghala moja kule Garland kabla hajahamia huku pwani. Amekulia kambini Kigoma, Kiswahili chake kinateleza kuliko changu. Miezi kadhaa sasa kila nikifungua WhatsApp namwona kajipiga picha juu ya meli chakavu ya kijivu, ana miwani ya plastiki na nyundo. Nilidhani anavunja meli. Nikampigia.

"Mama Mwanabaraka! Sivunji, natengeneza! Ni meli ya makumbusho. Natoa kutu, napaka rangi, kesho yake kutu inarudi. Kazi haiishi, namshukuru Mungu."

"Ni meli ya vita?"

"Ya vita, ndiyo. Lakini hii haikuwa ya kugombana na wakubwa. Hii ilikuwa inasindikiza wenzake."

Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Ukitoka Stafford mpaka huko chini ufukweni ni zaidi ya saa nzima. Meli yenyewe wameipandisha nchi kavu, imekaa juu ya majani, wageni wanapanda ngazi na watoto na aiskrimu zao. Nilitegemea kitu kikubwa. Nikaona ni nyembamba kama kisu cha jikoni. Cyrille akanipokea kwa mikono miwili, mavazi yote vumbi jekundu.

"Mama, angalia kichwa. Watu wa humu walikuwa wafupi, au walikuwa na maumivu."

Akanipitisha. Hapa walilala, vitanda vitatu juu kwa juu, na mnyororo. Hapa walipika. Kule nyuma akanionyesha reli mbili zinazoishia hewani. "Hapa walikuwa wanaviringisha mapipa ya baruti. Pipa linazama, linalipuka chini. Kama nyambizi iko karibu, inapasuka."

"Na wanajuaje iko wapi? Bahari yote hii, na maji hayana dirisha?"

Cyrille akatabasamu, kama mtu aliyekuwa anangojea swali hilo tangu asubuhi. "Njoo."

Ni kichumba, mimi na yeye tulipoingia kikajaa. Kuna kiti kimoja cha chuma, gurudumu dogo, saa za vipimo ukutani, na msumari uliotundikwa vifaa vya kuvaa masikioni.

"Hapa alikaa mtu mmoja mwenye masikio. Chini ya meli kuna kitu kinapiga sauti ndani ya maji. Sauti inakwenda. Ikikuta maji matupu, hairudi. Ikikuta chuma, inarudi." Akagonga ukuta kwa nyundo yake, ngo, na meli nzima ikajibu kutoka mbali. "Mimi namwelezea mtoto wangu hivi: meli inapiga hodi. Inapiga hodi, halafu inatulia kusikiliza kama kuna mtu ndani. Huyu hapa kazi yake ilikuwa kusikiliza tu. Zamu usiku kucha. Akilala yeye, wamekufa wote."

Nikaikumbuka barua. Usiku mpaka alfajiri, nimetega sikio.

"Cyrille. Hicho kitu kinaitwaje?"

"Sona."

Nikakaa kwenye kile kiti bila kuomba ruhusa. Sona. Nikafikiria namna ya kuivuta sona mpaka ifike Asdiki. Haifiki hata kwa lori la Mwadini.

"Pole, mama. Ulikuwa unatafuta jina gani?"

Nikamweleza yote, na safari hii bila mwanya. Cyrille akatikisa kichwa. "Ninyi mna taabu. Sisi Wakatoliki kwetu walifungua kalenda tu. Nimezaliwa siku ya mtakatifu Cyrille, basi. Ningezaliwa kesho yake ningekuwa mtu mwingine." Akaanza kucheka, halafu akashusha nyundo. "Ngoja. Lile jina, sema tena."

"Asdiki."

"Babu yako alikuwa na Waingereza, si Wamarekani?"

"Waingereza, ndiyo, Mombasa ilikuwa yao."

"Kuna mzee anaongoza wageni hapa Jumamosi. Kila akija Mwingereza, huyo mzee anamtania, anamwambia: sisi tunaita sona, ila ninyi na siri zenu mlikuwa mnaita azidiki. Mimi nilidhani anatukana. Nikamwuliza. Akasema ni hii hii mashine, jina walilipa wao. Wakati wa vita ilikuwa siri kubwa, mtu alikuwa anaapa kutoisema hata kwa mkewe."

"Sema ulivyomsikia."

"Asdik. Wao wanaimaliza hapo, kama mlango umefungwa. Asdik."

Na sisi mlango hatufungi. Kila neno la Mzungu likiingia kwetu tunaliwekea kijivokali cha kupumzikia: benki, soksi, asdiki. Nikapiga kelele mle ndani, meli ikaitikia, na mama mmoja wa Kimarekani akachungulia kuona nani kaumia.

Nikampigia Maalim palepale, nimeketi kwenye kiti cha mwenye masikio.

"Ni mashine, Maalim! Ya kusikiliza nyambizi!"

 Nasikia watoto nyuma yake wanasoma. "Mwanabaraka, hiyo ni habari njema. Lakini Jumanne ulikuwa na habari nyingine, na uliisema kwa yakini hii hii."

Nikazungusha lile gurudumu dogo.

"Huenda babu yako alikuwa na mashine," akaendelea, "na huenda alikuwa na mashine na mwanamke vilevile, na jina kaligawa. Mashine huwa inamliza mtu? 'Akilia moyo wanipasuka', si ndivyo ulivyosema? Hiyo barua ipo?"

Barua ilikuwapo. Iko katika kopo la biskuti chini ya kitanda cha Bi Asdiki, chini ya zile kanga. Alhamisi nikapiga magoti mbele yake nikamwomba. Akakataa.

"Khale, wewe hati ya Kiarabu waijua, unasoma msahafu kila siku. Miaka yote hii hukuisoma?"

"Niliifungua mara moja. Nilipofika kwenye jina nikaikunja." Alikuwa anavuta uzi kwenye mtandio. "Sasa hivi nina baba ambaye huenda alikuwa mtu mwema. Nikisoma nikakuta vingine, nibaki na nani?"

Nilimwonyesha picha ya kile kichumba. Kiti, gurudumu, vile vya masikioni. Akaishika simu karibu na uso, akaikuza kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na watoto, akakitazama kile kiti muda mrefu sana.

"Alikaa hapa?"

"Mahali kama hapa."

"Padogo."

Sikupata jibu siku hiyo. Wala Ijumaa. Mwadini alinunua mbuzi, Nusra na mumewe wakaandika majina mengine mawili nyuma ya bahasha, mazuri yote, na hakuna aliyeyasoma kwa sauti.

Jumamosi nyumba ilifurika. Cyrille alikuja na mkewe na sufuria. Maalim Aboud alikaa katikati, kanzu imepigwa pasi, mkewe nyuma yake. Mtoto alikuwa ameshanyolewa, kichwa kinang'aa. Maalim akanitafuta kwa macho. Nikainamisha uso. Akamgeukia Mwadini: "Basi mtoto huyu mmemwita nani?"

Mwadini akafungua mdomo, na mlango wa nyuma ukafunguka. Bi Asdiki, na kopo.

"Maalim, nisomee hii."

"Hapa, bibi? Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Kama ni aibu, wameshaijua wote, Mwanabaraka kahakikisha. Kama si aibu, nataka waisikie wale wale."

Alikaa kitini, mikono magotini. Maalim akavaa miwani. Karatasi ilikuwa ya kahawia, imekatika kwenye mikunjo.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Ila hakutia irabu."

Mke wa Cyrille akauliza ni nini hiyo. Maalim, ualimu haumtoki, akaeleza. "Ni zile alama za juu na chini ya herufi, zinazokwambia hii ni a, hii ni i, hii ni u. Mtu mwenye haraka haziandiki. Msomaji anakisia." Akasogeza karatasi. "Na jina kaliandika kwa sini na kafu. Ingekuwa sidiki ingekuwa swadi. Hili halikutoka Uarabuni." Akanitupia jicho moja la haki, kisha akaanza.

"'Kwa mke wangu, salamu. Mimi ni mzima katika Kidagaa. Tumesindikiza meli kumi na moja, zaenda polepole kama maharusi. Nakaa na Asdiki usiku mpaka alfajiri, nimetega sikio. Akilia, moyo wanipasuka. Akinyamaza nashukuru.'"

Neno la tatu, lile ambalo nyanya hakulisubiri, lilikuwa hilo. Bi Asdiki hakutikisika.

"'Jana Asdiki ameharibika...'"

"Astaghfirullah," akasema mtu nyuma.  Ameharibika! Kumbe mambo ni makubwa kuliko nilivyosimulia.

Maalim akasita. Akaisogeza karatasi dirishani. "'Fundi ame... amem...' Hapana. Hapana mimu ya pili hapa. Ni ya. 'Fundi ameifungua.'" Akasoma tena kwa kidole. "'Fundi ameifungua kwa...' ba, sini, ba, sini. 'Kwa bisibisi.'"

Watu wote wakainua shingo. Hata watoto wa ngazini.

Mke wa Maalim, ambaye tangu Jumanne sijamsikia sauti, akasema: "Mwanamke gani hufunguliwa kwa bisibisi?"

Nyumba ikapasuka. Mwadini alikuwa amekaa chini, anajipiga paja. Maalim akainua mkono, na yeye mwenyewe kakunja midomo asicheke. "Tulieni! Tulieni. Basi nimekosea toka juu. Akilia na ikilia, kwa hati hii bila irabu, ni herufi zile zile. Ameharibika, imeharibika, mamoja. Mimi nilisoma a kwa kuwa nilishaambiwa kuna mwanamke." Akamgeukia Bi Asdiki. "Na yule jirani wa mama yako, bibi, sijui yeye aliambiwa na nani."

Mimi najua. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa na barua ya watu mkononi na masikio ya watu mbele yake, akachagua a kwa sababu a ni tamu. Namfahamu mwanamke yule kama ninavyoifahamu sura yangu.

Maalim akaanza upya, polepole.

"'Ikilia, moyo wanipasuka. Ikinyamaza nashukuru. Juzi ililia, tukatupa mapipa ya moto sita, bahari ikafura, kumbe ni nyangumi. Usiku wa pili ililia tena. Nikasema ni chuma. Wazungu wakacheka. Nikasema ni chuma. Tukatupa kumi na mbili, yakaelea mafuta. Meli kumi na moja zimefika Aden, zote kumi na moja. Jana Asdiki imeharibika, fundi ameifungua kwa bisibisi, nami nimemshikia taa nikiogopa kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Tumeapishwa tusiseme ni nini. Mtoto akiwa wa kike nitampa jina hili, maana kwa hili watu wengi wamerudi kwa wake zao. Usiulize kwa barua. Nikija nitakueleza.'"

Akakunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile.

Nikija nitakueleza. Na alikuja, siku tatu, na hakuna aliyemsemesha.

Sote tulikuwa tunamtazama Bi Asdiki. Mabega yalianza kutikisika, nikafikiri analia, nikainuka. Alikuwa anacheka. Machozi yanashuka na anacheka.

"Basi mama yangu," akasema, "alinikasirikia maisha yake yote kwa ajili ya mashine?" Akajifuta na ncha ya mtandio. "Masikini. Angenyamaza akasikiliza tu mstari wa bisibisi."

Maalim Aboud alimpokea mtoto kutoka kwa Nusra. Hakutoa hotuba, na kwa Maalim hilo ni jambo. Akainama kwenye sikio la kulia, akasoma alichosoma, na mwisho tukalisikia jina, na akalisoma kwa sini, taratibu, kila irabu mahali pake.

Kisha akamweka mtoto mapajani mwa Bi Asdiki. Kanga zilikuwa zimeshatoka chini ya kitanda, sijui saa ngapi, na mtoto akafungwa yake. Bi Asdiki alimgonga kidogo kifuani kwa kidole kimoja.

"Hodi," akasema. "Hodi, somo."

Mtoto akafikiri kidogo. Halafu akafungua mdomo wote, na sauti aliyoitoa iliwafanya watoto wa ngazini wazibe masikio.

"Huyu," Bi Asdiki akatuambia, akimwinua begani, "huyu ni akilia, si ikilia."